Kifo cha Wengi si Harusi

Jina la Kariakoo limekwisha kuwa mali ya taifa zima. Mfanyabiashara wa Sumbawanga au wa Kigoma akisema kwamba anakwenda Kariakoo, hana haja ya kuongeza neno. Kila mtu anajua kwamba anakwenda kununua bidhaa. Lakini ukimwuliza huyo huyo jina hilo limetoka wapi, mara nyingi atakujibu kwamba ni jina tu la mahali, kama Ilala au Magomeni. Wachache watakuambia kwamba ni neno la Kiingereza, Carrier Corps, lililofinyangwa na ndimi zetu hata likakaa sawa, na kwamba maana yake ni jeshi la wapagazi. Wakisha kusema hivyo hucheka kidogo, kisha huendelea na shughuli zao. Sisi hatuoni la kuchekesha. Tunaona kwamba jina hilo ndilo jiwe la kaburi pekee walilopata maelfu ya watu, na kwamba desturi yetu ya kulitamka kutwa kucha bila ya kuwauliza wenyewe ni akina nani, haistahili kuitwa utamaduni wa taifa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Vita vya mabepari wa Ulaya vilipoanza Agosti 1914, vililetwa mpaka kwetu, na hapa Afrika ya Mashariki vikaendelea hata tarehe 25 Novemba, 1918, wiki mbili baada ya kukoma huko vilikozaliwa. Majeshi yaliyopigana yalikuwa na bunduki na mizinga, lakini hayakuwa na namna ya kuyafikisha mahali pa kupigania. Reli zilikuwa chache. Farasi na maksai walikufa kwa mbung'o, tena upesi sana. Basi kila kitu, risasi, unga, mahema, dawa, hata vinywaji vya maofisa, kilibebwa vichwani mwa watu. Tena mpagazi naye hula. Kwa hiyo kila safari ilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo walivyohitajika wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wapagazi wa kwanza, na wengine wa kuwabebea hao. Hivyo ndivyo vijiji vilivyokombwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Waingereza peke yao waliwakusanya watu wapatao milioni moja, na kwamba waliokufa kwa hesabu zao wenyewe ni 95,000 hivi.

Waliuawa na nini? Si na risasi, isipokuwa wachache. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na homa ya mapafu, na unga. Tunasema unga kwa makusudi. Mtu aliyezaliwa penye ndizi, ambaye tumbo lake halikujua mahindi, alipewa unga wa mahindi na muda usiotosha wa kuupika, tena pengine bila kuni kavu, akaamriwa kula na kuondoka. Mtu wa milimani aliletwa bondeni penye mbu. Mwanzoni mwa mwaka 1917 mvua kubwa zilifurisha Rufiji, na wapagazi wakatembea majini na mizigo yao. Wajerumani nao waliwakamata watu kwa nguvu, wakawafunga ili wasitoroke, nao hawakujisumbua kuwaandika. Ndiyo maana hesabu ya waliokufa upande wao haipo. Wabelgiji waliteka Tabora tarehe 19 Septemba, 1916, wakiwa na wapagazi wao waliotolewa Kongo. Nako Ugogo, ambako majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, njaa iliyofuata iliitwa Mtunya, na wazee wa Dodoma wakalihifadhi jina hilo kizazi baada ya kizazi.

Tarehe 4 Septemba, 1916, Waingereza waliingia Dar es Salaam. Mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekusudia pawe soko pakageuzwa kambi ya wapagazi. Humo walikusanyika Wanyamwezi na Wasukuma, Wakamba na Wakikuyu, Wajaluo, Waganda, na wengineo wengi. Kwingineko katika vita hivyo hivyo walikuwako watu wa Nyasa, ambao kwao walijulikana kwa jina la tengatenga. Hawakuwa na ukoo mmoja, wala dini moja, wala mfalme mmoja waliyempenda. Wengi wao hawakupata kuonana kabla ya siku ile ya kufungwa mizigo. Kiswahili walichokuwa nacho kilikuwa cha kuamrishana na kuombana maji. Kila mmoja alikuwa na namba, na alipokufa njiani, aliyemfukia ni yule aliyekuwa nyuma yake katika mstari. Hakuwa kaka yake wala shemeji yake.

Hapo tunaomba msomaji atue kidogo, maana hapo ndipo penye hoja yetu. Yule aliyefukia alikuwa shahidi pekee. Serikali za kikoloni hazikutuma barua Kitui wala Nzega. Mama aliyepata habari ya mwanawe, mara nyingi aliipata kwa mtu asiyemjua, mpagazi aliyerudi hai akiwa amekonda, ambaye alipita kijijini au alimwambia mwingine anayepita. Asiyepata mtu wa namna hiyo, hakupata habari kabisa. Huko Kenya ilitokea hata mishahara ya waliokufa ikabaki mikononi mwa serikali kwa kuwa haikudaiwa. Nani angedai, hali aliyekuwa na haki hakuambiwa kwamba ni mjane? Wale wanaodhani kwamba kumbukumbu ni jambo la machozi tu, na wafikiri juu ya fedha hizo.

Sasa tutazame jiwe. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari wa shaba katika Dar es Salaam, iliyopo mpaka leo katika Mtaa wa Samora, bunduki mkononi na singe ikielekea bandarini. Ni kazi nzuri ya mikono, hatukatai. Chini yake yamechorwa maneno kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yanayowakumbuka askari, na wapagazi pia, na kuahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Tunawasihi wasomaji wetu waende wakasome wenyewe, halafu wazunguke pande zote nne za jiwe hilo wakitafuta jina. Hakuna hata moja. Wana waliahidiwa kukumbuka majina na watu ambao hawakukubali kuyaandika.

Wala haikuwa bahati mbaya. Tume ya makaburi ya vita ya dola la Kiingereza, iliyoundwa 1917, ilijigamba kwamba haibagui kati ya mkubwa na mdogo, na huko Ulaya ilitimiza: kila aliyejulikana akapewa jiwe, na ambaye mwili wake haukuonekana akaandikwa ukutani. Kwetu ilikuwa mbali. Mzungu alipewa jiwe lake na jina lake. Mwafrika alionekana hana haja nalo. Mmoja wa magavana wa Afrika ya Magharibi alidiriki kusema kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa maana ya jiwe la kaburi. Makaburi ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla tume hiyo haijakiri, Aprili 2021, kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama Bungeni kwao akaomba radhi.

Radhi hiyo tumeisikia. Lakini sisi wenyewe tumefanya nini tangu bendera ile iliposhushwa mwaka 1961? Ni rahisi kumlaumu mkoloni kwa kutoandika. Sisi tulikuwa na kalamu tangu zamani, na wazee walikuwa hai. Wizara ya kwanza ya utamaduni wa taifa iliundwa 1962, na wakati huo mtu aliyekuwa mpagazi akiwa na miaka 20 alikuwa bado na miaka sitini na kitu, anakaa barazani, na akili zake timamu. Tulimwendea tukamwuliza juu ya ngoma, juu ya vitendawili, juu ya mitego ya samaki. Mambo hayo ni mema na tunayahitaji. Lakini ni wangapi waliomwuliza: mzee, ulimfukia nani?

Ipo methali ambayo watu huitoa hapa kama mtu atoavyo mlango wa kutokea. Husema: kifo cha wengi harusi. Maana yake, kwa jinsi inavyotumiwa siku hizi, ni kwamba msiba ukiwa wa wote hakuna haja ya mtu kuuhangaikia. Sisi tunasema methali hiyo imepotoshwa. Waliokufa pamoja huliwazana, hilo tunalikubali, na aliyefiwa hupata nafuu akiona mwenzake naye amefiwa. Lakini wapagazi hawa hawakufa katika umati wenye kuliwazana. Walikufa mmoja mmoja, kila mmoja chini ya mti wake, na kwao kilio kilikuwa cha nyumba moja moja, ambayo haikujua kwamba siku hiyo hiyo nyumba nyingine elfu zilikuwa zikingoja vivyo hivyo. Huo si wingi. Wingi tumeutengeneza sisi baadaye, kwa hesabu, na kisha tukautumia kama blanketi la kujifunikia usingizi.

Kuna wasemao pia kwamba Mwafrika kwa desturi yake hulia wa ukoo wake tu, na kwamba kumtaka Mmakonde amkumbuke Mkamba aliyefia Lindi ni kuiga mambo ya wageni wenye makaburi ya askari wasiojulikana. Usemi huu ni wa kasumba, hata ukisemwa na mtu aliyevaa lubega. Nani asiyejua utani? Wanyamwezi na Wazaramo hawatoki tumbo moja. Misafara ya karne ya 19 ndiyo iliyowakutanisha: Mnyamwezi aliyefika pwani mgonjwa alihitaji mtu wa kumwuguza, na akifa, mtu wa kumzika. Wangoni nao walipigana na watu wengi mno kusini na magharibi mwa nchi hii. Vita vilipokwisha, wengi wa wale waliouana wakawa watani. Mtani anapofika msibani anayo ruhusa ambayo ndugu hana. Humcheka maiti, huigiza mwendo wake, hulizuia jeneza mpaka atolewe kitu, kisha hushika jembe akachimba. Ukiuliza kwa nini mtu wa mbali apewe kazi nzito namna hiyo, utaambiwa kwamba babu zao walikutana katika shida. Basi babu zetu walikwisha kuona, bila ya kusomeshwa na mtu, kwamba hasara iliyowakuta watu wawili wasiojuana huzaa wajibu kati ya watoto wao. Kama misafara ya pembe ilitosha kuzaa utani, msafara ule wa 1914 hadi 1918 unashindwaje?

Wala mwili kupotea si kisingizio. Wajaluo, wa Mara na wa ng'ambo ya mpaka, mtu wao akipotelea majini au ugenini bila ya kuonekana, huzika tunda la mwegea badala yake, na msiba ukafanywa kama kawaida. Makabila mengi ya hapa humpa mtoto jina la aliyekufa ili jina lisilale. Waislamu husoma khitma kwa marehemu aliyezikwa popote. Wakristo humwombea aliye mbali sawasawa na aliye karibu. Desturi zote hizi zinadai kitu kimoja, nacho ni jina. Huwezi kumrithisha mtoto namba.

Wengine watasema: vile vilikuwa vita vya Wazungu, na aliyemtumikia Mwingereza au Mjerumani hana nafasi miongoni mwa mashujaa wetu wanaokumbukwa kila tarehe 25 Julai. Hoja hii ina heshima yake, kwa kuwa yatoka kwa watu waipendao nchi, na hatutaki kuipuuza. Ni kweli kwamba wapagazi hawakupigania uhuru wa mtu yeyote. Walikamatwa. Baba alitolewa shambani na mwanawe akapelekwa upande wa pili, kwa sababu tu mstari wa vita ulikuwa umepita katikati ya wilaya yao. Lakini ikiwa tutamtaka marehemu aonyeshe kwanza kwamba alikufa kwa ajili ya jambo letu ndipo tumlilie, basi tumechukua mizani ile ile ya mkoloni, aliyempima mtu kwa faida yake vitani. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wazee wa Kiafrika waliokuwa hai. Malipo yale yalikuwa ya walioshika bunduki. Hata katika sadaka, aliyebeba mzigo hakuonekana. Je, nasi tumpite hivyo hivyo?

Tunasema haya kwa sababu ya jambo tunaloliona katika miaka hii. Taifa letu linadai mabaki ya wakubwa wetu yaliyochukuliwa Ujerumani, na linafanya haki. Kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, kinatafutwa na wajukuu wake. Kichwa cha Songea Mbano kinatafutwa vile vile. Tarehe 1 Novemba, 1023 haikuwa, ni jana tu, 2023, Rais wa Ujerumani alisimama Songea mbele ya makaburi ya walionyongwa 1906 akaomba msamaha. Mwaka huo huo wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya marehemu wa Uchaga na jamaa zao walio hai. Tulifurahi, na tutafurahi zaidi siku watakaporudi. Lakini mpagazi hakuna aliyeiba kichwa chake. Hakuwa chifu, na fuvu lake halikuonekana kuwa na thamani ya kutiwa sandukuni. Kwa hiyo hakuna jumba la makumbusho la kulidai, wala balozi wa kumwandikia, wala rais wa kuja kuomba msamaha mbele ya familia moja. Deni lake limebaki kwetu sisi kwa sisi, na ndiyo sababu linasahauliwa kwa urahisi.

Watu wetu hawana ugumu wa moyo. Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, watu walizikwa Igoma pamoja, wa makabila mbalimbali, na wengine hawakutambuliwa. Na nchi nzima ililia. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 likaua watu zaidi ya 20, walioshika nondo na mawe kwa mikono kuwatoa waliofukiwa hawakuuliza kwanza kabila la aliye chini. Waliitana majina kupitia nyufa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kifo cha wengi ni harusi. Mahali palikuwa ni hapo hapo, mtaa wa wapagazi.

Basi tunataka nini? Hatutaki sanamu nyingine. Fedha za shaba na za sherehe ya kuifunua zitumike kuwapeleka watu vijijini. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1945 leo ni mzee wa miaka themanini na zaidi. Alikuzwa na bibi aliyeviona vita hivyo kwa macho yake, na katika nyumba nyingi bado yuko mtu wa namna hiyo ajuaye kwamba ndugu wa babu "alikwenda vita vya Mjerumani hakurudi". Mara nyingi hajui zaidi ya hayo. Hayo yanatosha. Maofisa utamaduni wa wilaya, walimu wa historia pamoja na wanafunzi wao, na makarani wa makanisa na misikiti waliohifadhi vitabu vya zamani, waandike: jina lake, la baba yake, kijiji, alichukuliwa na nani ikiwa inajulikana, na habari ya kifo ililetwa na nani. Hilo la mwisho lisiachwe hata kidogo. Jina la mleta habari, hata kama ni nusu jina, hata kama ni "yule Mkamba", ndilo litakalounganisha nyumba ya Nzega na nyumba ya Kitui, ambazo wajukuu wao hawajapata kusikiana. Wenzetu wa Kenya, wa Malawi na wa Kongo waombwe kufanya kazi hiyo hiyo, ili daftari zikutanishwe. Lugha ya kuandikia tunayo wengi wetu, nayo ilibebwa katika mistari ile ile pamoja na risasi na unga.

Majina ya mwanzo yatakuwa machache, na watatokea waungwana wa kusema kwamba kazi haina maana maana haitafika 95,000. Haitafika, tunajua. Lakini iwekwe hapo Kariakoo, katika soko lililoungua Julai 2021 na kujengwa upya, mahali ambapo wachuuzi na wachukuzi hupita na magunia, si ndani ya ofisi. Uwe ubao wa kawaida unaoweza kuongezwa. Aliyebeba kwa Mjerumani aandikwe pamoja na aliyebeba kwa Mwingereza na kwa Mbelgiji, na Mngoni kando ya Mganda, bila vyeo na bila makabila, kwa mfuatano wa alfabeti.